Shilingi Mbili kwa Neno

Bweranyange yote hakuna mshenga wa kunifikia mimi. Nimeposea vijana tisa. Waliooa ni wawili, na mmoja wao alikuwa ameshamtorosha binti kabla sijavaa viatu.

Kwa desturi yetu mshenga ni mwanamume. Lakini mwanamume alitaka nauli, jogoo na debe la rubisi, pombe yetu ya ndizi, mimi nikaridhika na soda, basi mjukuu wangu Yustus akanichukua mimi. Huyu ni kijana mwenye digrii, na huu mwaka wa pili amejifungia chumbani kwangu na kompyuta, anawaandikia watu wa mtandaoni. Wanamlipa shilingi mbili kwa neno. Wakikataa andiko, hapati kitu. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiende kuvuna kahawa kama wenzake. Akanijibu, "Bibi, mimi ni mwandishi wa kujitegemea." Nilicheka mpaka mate yakanipalia. Anajitegemea, na sahani anaoshewa na mimi!

Ila Yustus alimpenda kweli Adventina, binti wa kijiji cha Mabira. Alikonda kwa ajili yake. Alisema akimkosa ataacha kila kitu aende kuchimba madini ya bati. Kwa hiyo njiani, tumebanana kwenye bodaboda moja, tukapatana uongo wetu: ameajiriwa Ulaya, analipwa dola.

Baba wa binti, Mwalimu Rogasian, ni mstaafu. Alinipa shikamoo yangu vizuri, akatuwekea kahawa za kutafuna. Adventina alikaa mkekani ubavuni mwa mama yake, Verdiana, anatabasamia simu.

"Kijana anafanya kazi gani?" Mwalimu akauliza.

"Anawaandikia Wazungu," nikasema. "Kizungu kitupu. Kiswahili hata hakigusi."

"Na wanalipa?"

"Waitu, Mwalimu! Wanalipa mpaka 'na'. Ukiandika 'mimi na wewe', ile 'na' ya katikati ni hela."

Yustus akatoa barua ya posa kwa mikono miwili. Mwalimu akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kisha akaenda polepole kama mtu anayevuka tope.

"'Ni me kuja ku m chumbia binti yako kwa sababu ni na m penda.'"

Akaacha kutafuna.

Hapo lazima niseme ukweli: ushauri ule ulikuwa wangu. Mzungu akisema anampenda mtu anahesabiwa maneno matatu. Sisi "ninampenda" ni neno moja, shilingi mbili, kwaheri. Nikamwambia Yustus, kata! "Ni na m penda" ni maneno manne, shilingi nane. Mtoto akazoea kukata mpaka hata barua ya posa akaikata.

"Mama," Mwalimu akaniambia, "pensheni hainifikishi mwisho wa mwezi. Na mimi nakagua maandishi ya Kiswahili huko mtandaoni. Kuna mmoja anajiita Profesa Y. Anakatakata maneno kama mtu anayemenya ndizi za msiba. Kila wiki namkataa, na kila wiki anarudi." Akamgeukia mjukuu wangu. "Shikamoo, Profesa."

Verdiana akacheka akijipiga mapaja. Yustus alitoka jasho hadi kola ikabadilika rangi.

"Kwa hiyo dola hakuna," akasema mama wa binti.

"Hakuna," Mwalimu akajibu. "Lakini umaskini si kosa. Mimi mwenyewe ukurasa mzima nalipwa hamsini. Mimi sina neno. Aseme Adventina."

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Adventina alimtazama Yustus kwa huruma, na ninavyojua mimi, huruma ya msichana ni nusu ya ndoa. Angefungua mdomo tu, tungekunywa rubisi ya watu. Lakini Mwalimu alikuwa bado anacheka.

"Tena mwezi huu alituletea Meseji Hamsini za Kumtumia Mpenzi. Zote nilizikataa."

"Hebu tusomee moja," Verdiana akasema.

Mwalimu akatafuta kwenye simu yake. "'U me ni nyeshea kama mvua kwenye mgomba. Bila wewe ni ta kauka.'"

Huruma ikamtoka Adventina usoni. Akabonyeza simu yake, akasoma kwa sauti ndogo, "'U me ni nyeshea kama mvua kwenye mgomba.' Kumbe! Nilidhani simu yake ni mbovu."

"Adventina..." Yustus akaanza.

"Uliniapia kwa kaburi la mama yako. Ulisema hii uliniandikia mimi peke yangu, machozi yakikutoka."

"Na ni kweli! Nilikuandikia wewe kwanza. Halafu hali ikawa mbaya, ndipo nikaipeleka kule kuiuza. Wewe ndiye wa kwanza, naapa tena."

"Usiape," nikamnong'oneza. Hakusikia.

Adventina akamgeukia baba yake. "Baba, wewe uliikataa lini?"

Mwalimu akashusha miwani. "Jumatatu. Tarehe nane."

Binti akainuka, akamsogezea Yustus simu mpaka puani.

"Soma tarehe, Profesa. Mimi ulinitumia Jumatano, tarehe kumi."