Miaka Sita Ndani

Kosa lilianza kwa neno dogo, tena Mzee Ulimboka alilisema kwa nia safi kabisa. Watanzania wa Woolwich, London, walikuwa wakinywa chai baada ya ibada, na Adelina, nesi ambaye pia ni katibu wa chama chao, akamuuliza enzi za mkoloni alikuwa wapi.

"Nilikuwa ndani," akajibu mzee. "Miaka sita."

Alimaanisha ndani ya boma, ofisini kwa DC, Mwingereza aliyekuwa pia hakimu wa wilaya, ambaye yeye alimtumikia kama mkalimani wa korti. Adelina alielewa jela. Akaweka kikombe chini, akamshika mzee mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga. Hapo mtu mzima mwenye akili zake angesema, la, mwanangu, hukunielewa. Ulimboka alinyamaza. Alijitetea baadaye kwamba mdomoni alikuwa na andazi. Andazi gani hilo la kutafunwa wiki sita, mimi sijui.

Maana wiki sita zilipita, na kila Jumapili Ulimboka alizidi kuwa shujaa. Watu walimpisha kiti. Vijana waliletwa kumwamkia. Nyumbani kwa mwanawe, Barking, wajukuu walimjibu kwa Kiingereza bila kuondoa macho kwenye televisheni, na mkwewe alimuuliza jambo moja tu kwa siku, kama amekunywa dawa. Woolwich walimuuliza historia. Alipapenda sana Woolwich, na aliogopa kama kifo kurudi kuwa mzee asiyeulizwa kitu.

Kazi yake haikuwa na makuu. Aliingia bomani akiwa karani mdogo, akapanda kwa Kiingereza chake. Uhuru ulipokuja na picha ya malkia ikashushwa ukutani, aliyeshika ngazi alikuwa yeye. Wiki iliyofuata aliishika tena, picha nyingine ikapanda. Serikali mpya ilitaka mtu anayejua faili ziko wapi, na aliyezipanga ndiye huyo huyo. Alistaafu kwa hotuba na saa ya ukutani.

"Mzee, ninth December, siku ya uhuru, tunakupa cheti cha mpigania uhuru," Adelina akamwambia. "Nimeshabook hall, na councillor anakuja. Na mama yangu yupo, amekuja visit. Baba yangu naye alikuwa ndani, fifty-eight. Severin, fundi cherehani. Labda mlikutana?"

Walikutana. Severin alisimama kizimbani kwa shtaka la uchochezi, Ulimboka hatua mbili kando yake. Aliulizwa sokoni aliwaambia watu nini, naye akajibu wazi: "Niliwaambia, hawa wakoloni tutawapiga kwa kura." Ulimboka akamgeukia DC, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mshtakiwa aliwaambia watu, tutawapiga. Akaishia hapo. DC alikuwa akitazama saa, na Ulimboka alijua sentensi ipi ingemfurahisha. Severin alipata miezi minane. Ulimboka alipata daraja jipya na baiskeli.

"Sina hakika," akamjibu Adelina. "Tulikuwa wengi."

Siku ya cheti ukumbi ulijaa. Ulimboka alivaa suti yake ya kustaafia, akaketishwa meza kuu karibu na diwani, Mwingereza mpole aitwaye Tom. Alipanga kusema maneno mawili matatu yasiyo na tarehe, achukue cheti, ale pilau. Lakini kabla yake alipewa nafasi Bibi Placida, mjane wa Severin. Adelina alimshikia mama yake kipaza sauti, kisha akageuka. "Mzee, please, mtafsirie councillor."

Kwa hiyo Ulimboka akasimama, kama alivyosimama miaka arobaini iliyopita, akafumbata mikono mbele.

"Mume wangu hakufungwa na mzungu," alisema Bibi Placida. "Mzungu yule hakujua Kiswahili. Alifungwa na mkalimani. Severin alisema tutawapiga kwa kura. Mkalimani akaimeza kura, akamtemea mzungu tutawapiga. Severin alikuwa na Kiingereza kidogo, alisikia kabisa neno lake limebaki njiani. Alitoka na kifua kibovu. Kura yenyewe hakuiwahi."

Tom alisubiri, kichwa kimeinama kwa heshima. Hakuna ambaye angejua. Ulimboka angeweza kusema bibi anamkumbuka marehemu na anawashukuru wote, watu wakapiga makofi. Sentensi hiyo aliiandaa, ikafika hadi kwenye ulimi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumtoa mtu jasho Desemba. Akatafsiri yote, neno kwa neno, na kura akaitamka mara mbili. Alipomaliza akaongeza neno moja ambalo halikuwa la bibi.

"The interpreter was I."

Tom akatikisa kichwa kwa huzuni, akidhani tafsiri bado inaendelea. Vijana waliozaliwa London wakaacha kutafuna. Mkono wa Adelina ulishuka na kipaza sauti chake. Ukimwacha Tom, katika ukumbi mzima asiyeelewa alikuwa Bibi Placida.

"Amesema nini huyu mzee?"

"Mama, ngoja kwanza, nitakuexplain."

"Sikukuuliza wewe."

Kwa Kiingereza neno lile lilikuwa limetoka vizuri, kama barua ya serikali yenye sahihi na muhuri. Kwa Kiswahili Ulimboka alilitafuta, akashika ukingo wa meza.

"Mkalimani ni mimi, mama. Severin alisema kwa kura. Nilimsikia. Niliacha makusudi."

 Bibi Placida akachukua kipaza sauti mkononi mwa binti yake, akatembea taratibu hadi meza kuu, akamshikia mdomoni.

"Sema hapa," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Akasema tena, lote. Sauti ikagonga kuta za ukumbi. Alipofunga mdomo, mkono wa bibi ulikuwa bado pale pale.

"Na jina lako."