Nafasi Tupu Upande wa Kulia

...kwa sababu kila kitu kikiwa kikubwa hakuna kitakachoonekana, ndivyo mwalimu Pesalili alivyowaambia kwenye ile kozi ya kompyuta, na siku ile Kalolaine aliona ni jambo rahisi tu, maana kadi aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa ya duka la maua la kufikirika, mwenye duka hakuwepo, hakuwa amesimama nyuma ya kiti akipuliza chai kama anavyosimama sasa baba yake, mzee Semisi Taukolo, fundi wa injini za boti, ambaye tangu asubuhi ameshaagiza picha ya injini nzima na bendera na msalaba na ramani ya kufika karakana, na maneno yawe mekundu, yote hayo kwenye kikaratasi kinachofunikwa na kiganja, na duka la kuchapa linafunga adhuhuri, kesho Jumapili Tonga nzima hakuna atakayegusa kazi, na Jumatatu wenye boti kutoka visiwa vyote watajaa bandarini Nukuʻalofa, ndipo kadi zinapotakiwa... bendera ameshaifuta, hakusema, ameifuta tu, mzee hajaiona au ameiona akanyamaza, kwa mzee huwezi kujua. Tuanze na jina, TAUKOLO, kubwa kuliko yote, kushoto, na mistari mingine yote ianzie ukingo huohuo ulionyooka, bluu nzito juu ya nyeupe, kwa sababu kadi hii itashikwa na mikono yenye oili na herufi za njano zitapotea siku ya kwanza, halafu simu ikae karibu na barua pepe, vinavyohusiana vikae pamoja, na mahali pa injini nzima iwe propela moja ndogo, na pembeni paachwe mpaka ambao kisu cha kukatia hakitaufikia... "Hapo kulia pako wazi," mzee anasema, "watu watadhani tumeishiwa maneno," naye akamjibu kwamba pameachwa makusudi, jicho lipate pa kupumzikia, na mzee akauliza ni jicho la nani hilo lililochoka kwa kusoma kadi moja, akacheka peke yake, kisha akanyoosha kidole chenye kovu mpaka kikakaribia kugusa skrini. "Basi mweke kaka yako hapo. Feʻao Taukolo, fundi." Kaka yako. Vidole vyake vikabaki juu ya vibonye. Feʻao alikwenda Australia kuchuma peasi, msimu mmoja, akasema, anunue mashine ya kuchomelea arudi, msimu ukazaa msimu, na wiki iliyopita akapiga simu, si kwa mzee, kwake yeye, hilo pekee ni la ajabu, maana tangu sauti ya Feʻao ilipokuwa nzito hawajakaa chumba kimoja kutazama televisheni, dada ni mtu wa kuheshimiwa, kaka hamletei mambo yake ya ndani, lakini siku ile alimletea, naye akatoka na simu mpaka katikati ya magimbi ili asisikike, akamsikia kaka yake akivuta kamasi kama mtoto... "Dada, mimi sirudi. Nimepata mtu huku, na mtoto yuko njiani. Usimwambie mzee bado, nitamwambia mwenyewe." Mpaka leo kaka hajamwambia. Na tangu siku hiyo kila Kalolaine akimwekea baba yake chakula mezani anasogeza sahani, anatazama pembeni, anasema chumvi hii hapa baba. "Umeweka ile alama?" mzee anauliza, ile alama ndogo ya katikati, bila hiyo jina si jina, ndiyo baba nimeiweka, Feʻao, hilo hapo, limekaa kwenye weupe, akalijaribu kwa herufi ndogo zaidi, akalijaribu kwa rangi ya kijivu, na kwa kijivu likawa kama mtu anayeondoka ukimtazama mgongo, akairudisha bluu haraka... boksi zima la uongo, hicho ndicho atakachokichapa, na Jumatatu atasimama bandarini akiugawa kwa mikono miwili huku anatabasamu, na wale wenye boti watasema aa, Feʻao amerudi, afadhali, kwa sababu hawa ndio wanaomletea injini yeye, Kalolaine, halafu wanamwambia mwambie baba yako inakohoa ikipata joto, naye anasema sawa, anaingia ndani, anaifungua mwenyewe, anasafisha kabureta mwenyewe, mzee anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akielekeza kwa mdomo tangu mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, na injini inatoka haikohoi, na wanamshukuru mzee. Hajawahi kulalamika. Alikuwa anashika nafasi ya mtu, unashika nafasi ya mtu mpaka arudi... na asiporudi, hiyo nafasi ni ya nani? "Chini ya jina langu namba yangu," mzee anasema, na anaitaja tarakimu mojamoja ingawa binti yake anaijua tangu akiwa darasa la tatu, kisha barua pepe ya karakana, herufi kwa herufi, kisha jina la barabara, kisha anasema uandike iko nyuma ya kanisa, si mbele, mbele kuna yule fundi mwingine, na Kalolaine anaandika, na katikati ya kuandika mkono unapunguza mwendo, kwa sababu kuna kitu hakikutajwa. Namba ya Feʻao. Mzee ametaja kila kitu mpaka kanisa, na kwa Feʻao ametaja jina na alama ya katikati tu, mzee huyu asiyeweza kuona parafujo haina nati yake akapita, na sasa anakumbuka ile ovaroli nzuri, ya Feʻao, iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari wa karakana hakuna anayeigusa, mzee aliiteremsha mwenyewe baada ya Krismasi akampelekea shangazi aipunguze miguu, akamtupia yeye, vaa hii, yako imechanika, naye akadhani ni ubahili wa mzee tu, aliivaa, ameivaa hata sasa, magoti yake yamekaa mahali pa magoti ya kaka yake. "Baba," akasema bila kugeuka, "namba ya Feʻao niandike ipi?" Mzee akanywa chai. Jirani alikuwa akikwangua nazi kwa ajili ya chakula cha kesho, krr, krr, akasimama, akaanza tena. "Andika yako," mzee akasema, na baadaye, kwa sauti ileile aliyotajia barabara, "Krismasi alipopiga simu hakuulizia hata injini moja. Wewe alikwambia?" "Aliniambia." "Haya." Hayo tu, haya, hakuuliza nini wala lini, na yeye hakusema habari ya mtoto, hiyo ni ya Feʻao kuisema, akauliza tu jina je, tuliache, na mzee akajibu, "Mwenye kozi ni wewe." Basi vinavyohusiana vikae pamoja, jina la huyu na namba ya yule si vitu vya kukaa pamoja, mtu atapiga akimtaka Feʻao apokelewe na mwingine, akafuta kuanzia mwisho, fundi, Taukolo, o, a, ile alama, e, F, na mshale ukabaki ukipepesa kwenye weupe, akaandika Kalolaine Taukolo, fundi, jina refu, halikutosha, kompyuta ikapendekeza herufi zipunguzwe, na alikuwa amezoea kupunguza, mkono ulishaanza kwenda huko... akaifuta propela. Likatosha, ukubwa uleule wa jina la Semisi. Mzee bado amesimama nyuma yake, chai bado ina moto, duka la kuchapa bado liko wazi, na huko Australia kuna mtu anamwogopa mzee huyu anayepuliza kikombe, itabidi Kalolaine ampigie kaka yake leo, amwambie kwamba mzee anajua, mpigie tu, haumi, na mzee anasema fundi ianze kwa herufi kubwa, naye anaikuza, na hapo ndipo anapohisi kwamba ana njaa, njaa ya kawaida tu, ya mtu aliyeamka mapema akaingia kazini.