Hozirjavob wa Margilan

Kwetu Margilan, mtu ambaye jibu lake halichelewi tunamwita hozirjavob, na sifa hiyo haigawiwi ovyo. Mume wangu Hamrokul alipewa. Mimi Zulhumor, niliyekuwa nikimtungia majibu yote, sikupewa hata ahsante.

Kila Ijumaa alirudi kutoka mgahawa wa chai uso umemwiva. "Mama Oysuluv, wamenitania tena. Eti ukuta wetu mfupi, hata kuku wa jirani wanaingia kula."

"Waambie kuku wakishiba huondoka, si kama wao."

Watani wake hawana jipya. Ijumaa iliyofuata walimwambia yaleyale, akajibu, watu wakashika mbavu. Miaka sita mtaa mzima ukamsifu.

Ndipo binti yetu Oysuluv akaposwa na watu wa mji wa Kokand. Siku ya harusi wakwe wakaja na mtani wao, Ergash, muuza tikiti mwenye mdomo kama cherehani. Kwenye harusi zetu pande mbili hurushiana maneno mbele ya wageni, na anayenyamaza amewaaibisha watu wake. Hamrokul akishindwa, Oysuluv atasimangwa na mawifi mpaka azeeke. Na wanaume walikaa kule, sisi wanawake huku, katikati masufuria ya pilau. Ningemnong'oneza vipi?

"Mkwe," Ergash akaanza, "binti tumempenda. Hofu yetu ni moja tu, asije akawa amerithi akili yako."

Hamrokul akageuza macho upande wetu. Jibu lilinijia papo hapo: angeirithi angekubali kuja kwenu? Lakini nani wa kulipeleka?

"Vipi, mkwe, ulimi umeuacha wapi?"

Mume wangu akafuta jasho. Kisha, maskini, akasema kweli. "Uko kule kwa wanawake. Una kilo themanini, na leo umenisusa."

Ua mzima ukaangua kicheko. Nikasahau kuwa mama wa bibi harusi hukaa kwa adabu.

"Sabini na sita!" nikapaza sauti. "Hizo nne ni majibu ambayo hujaja kuyachukua!"

Ergash akainuka, akaweka mkono kifuani kwa heshima. "Hapa nimeshindwa, jamani. Kumbe hozirjavob ni mama!"

Oysuluv, aliyetakiwa kuinamisha macho kutwa nzima, alicheka hadi shela likamdondoka. Hamrokul alipiga makofi kuliko wote. Mimi nililia, sifichi. Miaka sita nilikuwa naitaka sifa hiyo.