Damu Inayowahi Kufika

Jumapili asubuhi Ogeto alikuwa nyuma ya jiko la mamake, karibu na soko la Kebirigo, akikoroga damu kwenye sufuria ya ugali. Alitia uji mwepesi wa mahindi, rangi nyekundu ya keki, na kakao kidogo ili damu isifanane na soda. Mwisho alitia sabuni ya kuoshea vyombo, ile yenye harufu ya ndimu. Sabuni ndiyo aliyojivunia. Damu yenye sabuni hutoka nguoni kwa maji baridi, na filamu nzima ilikuwa na gauni moja tu jeupe, la jirani yao Magokoro, yaani Bibi, Tryphosa, ambalo alilivaa kanisani siku za Meza ya Bwana.

Ogeto alikuwa na shahada ya filamu, na bado aliamini kwamba mtu akioneshwa ubaya wake vizuri, kwenye mwanga mzuri, atauacha. Ubaya aliotaka kuuonesha ulikuwa ng'ambo ya ua. Mzee Mokua alikuwa akisema sokoni na kwenye kituo cha majani chai kwamba Tryphosa, mjane wa nduguye, ni mchawi. Ng'ombe wake Mokua alikuwa amekauka maziwa. Watu walijua pia kwamba Mokua aliitamani migomba ya shemeji yake, iliyoteremka hadi mtoni, ila hilo halikusemwa sokoni. Mwanamke akishaitwa mchawi mara za kutosha, huja siku mlango wake ukafungwa kwa nje na nyumba ikatiwa moto, au akatolewa akakatwa.

Basi Ogeto aliandika filamu ya mjane anayesingiziwa uchawi na kuuawa mlangoni pake. Nafasi ya mjane alimpa Tryphosa. Panga alimpa Mokua. Chuoni alifundishwa kwamba mwigizaji huingia moyoni mwa mhusika, naye alitumaini kuwa Mokua akishaingia atajionea kulivyo humo, kisha atoke analia. Alikuwa amemwekea kitambaa cha kujifutia machozi.

"Dairekta, umemwajiri fisi buchani," Lorna alimwambia. Lorna aliuza mbegu na dawa za wadudu kwenye agroveti ya sokoni, na ndiye aliyeleta pampu ya mgongoni ya kunyunyizia nyanya. Kazi yake ilikuwa kujificha nyuma ya mlango na kurusha damu panga likishuka.

"Ni sanaa, Lorna."

"Haya. Fisi wa sanaa."

Simu ilifungwa kwenye mpini wa jembe, Tryphosa akasimama mlangoni, Mokua akashika panga. Kabla hajaliinua, damu ilikwisha kutua ukutani. Ilitua vizuri, kwa upana, na matone marefu yakichuruzika.

"Kata," Ogeto akasema. "Lorna, umewahi."

"Sijagusa kitu."

Pampu ilikuwa imejaa hadi shingoni. Wakapangusa ukuta, wakarudia. Mara hii damu ilifika Mokua akiwa bado anafunga vifungo vya koti. Walipojaribu tena, ilifika Mokua akiwa chooni. Ogeto aliwaeleza kwamba hilo ni tatizo la muda, na kwamba hata wenye mitambo mikubwa huhangaika kulinganisha damu na pigo.

Mokua mwenyewe hakuhitaji mafunzo. Alijua bila kuambiwa kwamba mlango hufungwa kwanza, na mwenye kiberiti husimama upande upepo unakotoka. Ogeto alimsifu mbele ya wote.

"Una kipaji, mzee."

"Ni kitu cha kawaida tu," Mokua akasema.

Jumatatu ukuta ulikutwa umelowa damu, na pampu ilikuwa imefungiwa dukani. Siku zilizofuata ikawa vilevile. Jumamosi peke yake ukuta uliamka mkavu, kwa kuwa damu hiyo, kama watu wengi wa Kebirigo, ilishika Sabato. Jumapili ilirudi mapema.

Tryphosa aliitazama huku akimenya ndizi.

"Hii si yako, mjukuu wangu."

"Ni yangu, Magokoro. Inanukia ndimu."

"Mapishi ni yako. Damu ni yangu. Imetangulia tu." Alisema kama mtu anayearifu kwamba mgeni amefika kabla ya chai kuchemka.

Ogeto alikwenda kumwita chifu. Chifu aligusa ukuta, akanusa kidole.

"Sabuni," akasema. "Huyu mama ameumizwa?"

"Bado."

"Basi bado si kesi. Ikishakuwa, niite." Aliuliza kama filamu ina nafasi ya chifu, kisha akaenda zake.

Ogeto aliona dawa ni moja: filamu iishe upesi, watu waione, wamwache bibi wa watu. Alikesha kwenye kompyuta akiirudisha damu nyuma ya panga, pigo kwa pigo, mpaka ikaonekana ya kweli. Akaionesha ukumbini, na kijiji kizima kikaja. Walitazama kwa utulivu. Mlango ulipofungwa kwa nje, sauti moja huko nyuma ikanong'ona kwamba waya hushika kuliko kamba. Mwishoni walimpigia Mokua makofi. Mokua alitoa kile kitambaa, akajifuta jasho.

Waliokuwa hawajasikia kwamba Tryphosa ni mchawi walisikia siku hiyo, tena kwa picha.

Kesho yake damu ilikuwa imepita dirisha na kufika kwenye mabati. Tryphosa alikunja gauni lake jeupe, akafunga kuku miguu, akaondoka kwenda kwa bintiye Bonareri, aliyeolewa Birongo. Ogeto alimbebea kuku. Njiani bibi akaona ni heri amfariji.

"Filamu yako ni nzuri. Ila yule mama alikaa nyumbani sana."

Tamasha moja la filamu mjini Kisii lilimpa Ogeto tuzo ya athari bora. Waamuzi walisifu hasa jinsi damu na panga vilivyokwenda sambamba. Aliwashukuru wote walioshiriki, akamtaja Mokua kwa jina.

Aliporudi alimkuta Mokua kwenye nyumba ya Tryphosa na ndoo moja ya maji baridi. Ukuta ulikuwa umetakata. Nyuma yake mikungu ya ndizi ilikuwa imeshakatwa na kupangwa tayari kwa soko.

"Ogeto, kijana wangu," Mokua akaita kutoka ng'ambo ya ua. "Asante kwa hiyo sabuni. Ingekuwa damu yenyewe, ningepaka rangi nyumba nzima."

"Karibu, mzee," Ogeto akajibu, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Jioni ile Lorna alimpigia simu kutoka dukani. Phanice, mjane wa kule Nyakoe, alikuwa amesimama mbele yake akiulizia dawa ya kuondoa kitu chekundu ukutani.

"Kinanuka nini?" Ogeto akauliza.

"Ngoja." Akasikika akimuuliza mteja. "Ndimu, anasema."

"Mwambie maji baridi yanatosha," Ogeto akasema. Kisha akamwambia Lorna amuulize pia kama ana binti aliyeolewa mbali.