Chumba cha Mpita Njia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nane Juni, pale msanifu wa majengo alipoiweka mezani nyumba mpya ya mfano, ya kadi nyeupe, ndogo kama boksi la viatu.

Mzee Serikali aliinama akaichungulia. Majirani ndio waliombatiza jina hilo, maana hata chai ikimuunguza ulimi, hulaumu serikali. Kiwanja chake kilikuwa chembamba kama utepe, kimebanwa na kuta za majirani huku na huku, na bado halmashauri ilitaka kila upande uachwe upenyo. Upenyo wa nani, alinung'unika, wa panya? Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa anajenga, alicheka kwa adabu.

Msanifu akaeleza kwa kidole. Chini gari, jiko na sebule. Juu chumba cha binti na mumewe, na cha wajukuu. Katikati, kwa vile madirisha ya pembeni yangetazamana na kuta tupu, ameacha uwazi usioezekwa ili mwanga uteremke mpaka chini, na hapo utapandwa mti.

Mzee alihesabu vyumba, akarudia. Nyumba hii ya zamani waliyoketi ikibomolewa kupisha mpya, uwazi ule ungeangukia pale pale alipokuwa akilala na marehemu mkewe. Mti umepata mahali. Na yeye je?

Akawaka. Aliilaumu halmashauri, na wakubwa wanaowapimia watu ardhi wakiwa wamekaa vitini, na wasomi wanaolaza miti ndani na watu nje.

Msanifu alisubiri moto upungue. "Mzee wangu, nilikuuliza unahitaji nini. Ukasema, 'Msinihesabu, mimi mpita njia tu.'"

Kweli alisema. Lakini ndivyo alivyosema maisha yake yote. Akisema hali chakula, mkewe alipakua. Akisema haendi, mkewe alimpigia shati pasi. Mama yule hakuwahi kumbishia, wala kumtii. Sasa amelala kaburini, na watu wameanza kuyaamini maneno ya mumewe.

Mzee alifungua kinywa. Lililokuja ulimini ni lile lile la siku zote, akalimeza. Msanifu alishika penseli.

"Kesho michoro inapelekwa halmashauri," binti alisema taratibu. "Mama hayupo wa kukusemea. Baba, unataka chumba, au hutaki?"