Aliyesikiliza Chuma

Skolastika aliining'iniza springi ya lori kwenye kamba ya katani, akaigonga kwa bolti. Chuma kikalia. Akainamisha kichwa, akasubiri mpaka sauti ikaisha yenyewe, na haikuwa na haraka ya kuisha. Hiyo nzima. Akailaza kulia kwake, juu ya gunia.

Ya pili ilitoka kwenye lori lile lile, upana ule ule, kutu ile ile. Akaigonga. Ilianza kulia vizuri, halafu sauti ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno. Akaigonga tena ili asiionee. Ikakatika pale pale. Ndani yake mlikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, ambao jicho lisingeuona. Akaiweka kushoto, pamoja na vyuma vya kumrudishia muuza skrepa.

Miaka ishirini na saba alikuwa akiifanya kazi hiyo, na mahali pake palikuwa hapo hapo: nje, penye lundo la vyuma, hatua nne kutoka paa la mabati ambalo chini yake mumewe, Erasto, alifua visu. Katika ukoo wa Erasto mwanamke hapiti chini ya paa la mhunzi moto ukiwa unawaka. Ati moto hukasirika. Baba mkwe alimwambia hivyo siku ya tatu ya ndoa yake, akamwonyesha lundo, akamwagiza akae pale awe anampa mumewe chuma atakachoomba. Basi akakaa. Na mtu akikaa na kitu muda wote huo, ama atakichukia ama atakijua. Skolastika alifanya yote mawili.

Alijua kwamba nondo ukiigonga husema neno moja ikanyamaza, na kisu chake hupinda kwa muhogo mbichi. Alijua kwamba chuma cha beringi ya gurudumu ni kigumu lakini hakina subira. Springi ndiyo yenye tabia njema, ngumu na bado inainama, ila lazima uisikilize kwanza, maana imebeba mizigo kwenye mashimo ya barabara ya Kidahwe na haisemi ilikoumia mpaka uiulize. Wanawake wa kukata samaki mwaloni, kule ufukweni, walikuwa na msemo kwamba kisu cha Erasto humzika mwenye nacho. Cha Erasto. Kila kisu kilitoka na herufi E karibu na mpini.

Erasto mwenyewe hakuwahi kumwuliza anasikia nini. Aliomba chuma, akapewa, akafua, akasifiwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hata maji hakulitia. Tembo lenyewe hakuligema yeye.

Lakini leo mambo yangebadilika. Rafiki yake Yunisi, mkata samaki, ndiye aliyeleta habari: afisa anapita kwenye karakana za Kasingirima kuandika majina, mafundi wawili kwa kila karakana, waende Dodoma mwezi mzima kwa mafunzo na warudi na vyeti. Skolastika alikuwa na cheti cha ubatizo na cheti cha ndoa. Cha kazi hakuwa nacho, na usiku wa kuamkia leo hakulala vizuri kwa kukitaka. Asubuhi, wakinywa uji, alimwuliza mumewe.

"Baba Diana, utanitaja?"

"Nitakutaja."

"Utasema nini?"

"Nitasema mke wangu ndiye anayenichagulia chuma. Kwani si ndivyo?"

Afisa alikuja saa nne. Alikuwa dada wa makamo, Elinipa, mgeni wa mkoa, mwenye adabu. Alimwamkia Skolastika kwanza, "Shikamoo mama," akaitikiwa. Kisha Erasto akatoka mbio, akapangusa kigoda kwa shati lake mwenyewe, akamkaribisha ndani. Chini ya paa. Moto ukiwa unawaka, tena umeshiba mkaa.

Skolastika alitazama sketi ya yule dada ikipita hatua zile nne. Kumbe mwiko nao una adabu zake, unawajua waliokuja na gari la serikali. Moto haukukasirika wala haukupoa.

"Haya mzee, mafundi ni nani na nani?" Elinipa aliuliza, kalamu mkononi.

"Mimi hapa, na mdogo wangu, Samson."

Samson, muuzaji wa visu sokoni, mtu ambaye ukimpa nondo na springi atakuuliza ipi ni ipi, alijikuna shingo akatazama chini. Angalau yeye aliona haya.

"Na chuma? Nani anachagua?"

"Mwenyewe. Kwa macho haya." Erasto hakugeuka kutazama nje. "Chuma kizuri, dada yangu, ukikitupia jicho tu unakijua."

"Na mama yule pale?"

"Yule ananisaidia kusogeza."

Kusogeza. Skolastika aliumia kuliko siku alipokatwa na skrepa mguuni, kwa sababu siku ile alilia na watu wakaja. Sasa alibaki na bolti yake, mikono imejaa kutu.

Elinipa akafunga daftari, akatoa simu. Alitaka kurekodi kisu kimoja kinavyotengenezwa, mwanzo mpaka mwisho. Erasto akanyoosha mgongo.

"Mama Diana! Springi!"

Mkono wa Skolastika ulikuwa umeshafika kwenye ile ya kulia. Akausimamisha. Mwenye macho, alijisemea, achague kwa macho. Akachukua ya kushoto, akaipeleka mpaka ukingoni mwa paa, akaikabidhi.

Erasto akaigeuza mbele ya simu, akaipuliza vumbi, akaikodolea. "Hii sasa," alisema. "Unaiona? Hii ndiyo yenyewe."

Ikaingia motoni. Ikakatwa kwa patasi, ikafuliwa juu ya kipande cha reli, ikanyooka, ikawa nzuri. Nyundo ya Erasto ilikuwa nyundo ya haki, hilo hakuna ambaye angembishia. Ikakolea wekundu akaizamisha kwenye ndoo ya mawese. Mafuta yakachemka, moshi ukajaa, na ndani ya ule mchemko Skolastika akasikia "tik" ndogo, kama kijiti kimevunjwa chini ya blanketi. Wengine wote walikuwa wakikohoa. Samson akatia mpini, Erasto akanoa, akagonga herufi yake.

Wakati huo huo Yunisi akaingia uani na beseni la samaki kichwani, amefuata kisu alichoagiza. Huyu Yunisi ndiye aliyempokea Diana mikononi mwake, siku mkunga alipochelewa.

"Mwidiwe, Skola," alisalimu kwa Kiha, kisha akashusha sauti. "Jina limeandikwa?"

Lakini Elinipa alikuwa amekwisha kuwaona samaki. "Aa, mama, umekuja wakati wake! Tujaribie hapa hapa nirekodi."

"Chukua hiki, Yunisi," Erasto alisema. "Leo bure."

Yunisi akacheka kwa furaha, akapiga magoti penye ubao, hatua moja kutoka kwa Skolastika. Akatoa sangala mkubwa, akaweka makali juu ya mfupa wa kichwa, mkono wa kushoto umeshika mpini, wa kulia umeokota gogo la kugongea.

Neno lilikuwa ulimini. Lakini simu ilikuwa imeinuliwa, na Erasto amesimama kifua mbele, na Skolastika alitaka, alitaka kwa moyo wake wote, kile kisu kimwaibishe mbele ya ile simu. Alikiona kikikatika vipande viwili na kuanguka tu. Vidole vya mtu havikuwemo katika hesabu yake.

Gogo likashuka. Mfupa ukapasuka, kisu kikahimili.

Moja tena, alijiambia. Likishuka moja tena nitasema.

Gogo likashuka. Kisu kikakatika, kipande cha mbele kikaruka, na mkono wa kushoto wa Yunisi ukateleza kutoka kwenye mpini ukapita juu ya makali yaliyobaki, yakamchana kiganja, kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kifundo.

"Yebabawe!"

Skolastika alimfikia wa kwanza. Akamfungua kanga ya kiunoni, akaizungusha mkononi, akabana kwa nguvu zake zote. Damu ilipita. Samson akakimbilia barabarani kutafuta bodaboda. Elinipa alikuwa ameshusha simu.

Erasto aliokota kipande. Akakigeuza, akatazama palipovunjika. Nusu ilimetameta kama sukari. Nusu ilikuwa nyeusi, nyeusi ya siku nyingi. Hata mhunzi wa macho huweza kusoma hilo. Akatoka chini ya paa lake, hatua nne, akasimama juu ya wale wanawake wawili.

"Huu ufa ni wa zamani," alisema polepole. "Umetoka nao kwenye lori."

Akamgeukia mkewe.

"Mama Diana. Uliusikia?"

Miaka ishirini na saba alikuwa amelisubiri swali hilo. Akijibu la, atabaki msogezaji mpaka kufa, na Erasto atabaki na macho yake. Akijibu ndiyo, basi ni fundi kuliko wote waliosimama pale, na mkono alioushika unavuja kwa sababu yake. Elinipa naye alikuwa akimtazama sasa, anamtazama yeye hasa, kwa mara ya kwanza tangu zile salamu.

Yunisi akainua uso wenye jasho. "Shemeji, usimwonee mwenzio," alisema, akihema. "Skola namjua. Angeusikia angesema."

Pikipiki ilisikika ikikata kona.

"Niliusikia," Skolastika alisema.

Yunisi aliutoa mkono wake taratibu kutoka mikononi mwa Skolastika, akageukia upande wa pili, akashika ncha ya kanga kwa meno, akaifunga mwenyewe.