Matoka ya Cucu Kagure

Kihara alitufungia njia siku ya Jumatatu, mchana kweupe, huku akipiga mluzi. Mwizi wa kawaida angengoja giza. Yeye alikuja na nyundo, nguzo za mkaratusi na seng'enge mpya, akazisimika nguzo katikati ya njia yetu kana kwamba anajenga banda la kuku. Nilikuwa natoka barabarani na mkebe mtupu wa maziwa. Nikajikuta nimesimama upande wa juu wa seng'enge, na nyumba yangu iko upande wa chini.

"Baba Ndungu," nikamwambia, "sasa mimi nitapita wapi niende kwangu?"

"Pitia kule mto," akasema bila kuinua kichwa. "Mto ni ya serikali. Hii shamba ni yangu."

Nilipita chini ya waya kwa tumbo, rinda likanichanika mgongoni. Kihara hakucheka, lazima niseme ukweli. Alingoja nimalize kupita, kisha akaongeza waya mwingine chini ya ule.

Mashamba yetu ya Tetu ni membamba na marefu. Yanaanza juu kwenye mgongo wa kilima, penye barabara, yanashuka mpaka mtoni. Letu lilikatwa vibaya. Lilipopimwa, wakati wa Hali ya Hatari, baba mkwe wangu alipewa kipande cha chini. Cha juu, chenye barabara, akapewa Cucu Kagure, nyanya wa kijiji kizima, mjane, kwa niaba ya mwanawe Kihara aliyekuwa kizuizini. Ili tusifungiwe huko chini, tuliachiwa njia ya upana wa mkokoteni, ikipita pembeni mwa shamba lao. Upande wa pili wa njia hiyo ni korongo la mawe ambalo hata mbuzi hulikwepa.

Mpaka wa njia ulipandwa matoka. Mgeni akiyaona atasema ni maua tu, meupe, yenye kiazi kikubwa ardhini. Kwetu, itoka likishapandwa mpakani mbele ya wazee, hakuna mtu wa kuling'oa, awe na cheo au awe na panga. Aliyeyapanda yale yetu ni Cucu Kagure mwenyewe, yeye na mama mkwe wangu, wakicheka na kuchafuka matope, wanawake wawili ambao waume wao hawakuwa na nguvu ya kushika jembe, mmoja akiwa kaburini na mwingine kitandani.

Basi Kihara akatoka kizuizini na kukuta njia imepita juu ya urithi wake. Hakusema neno. Miaka ikapita, Uhuru ukaja, tukadhani amezoea. Kumbe alikuwa akiitafuna njia yetu kidogo kidogo kila msimu wa kulima, jembe likinyemelea yale maua. Alipopata kibali cha kupanda chai ndipo akaacha kunyemelea. Aling'oa matoka yote, akayatupa korongoni, akaleta seng'enge. Watu walishika midomo yao, lakini nani angemsemesha? Alikuwa ameteswa kwa ajili ya nchi hii, na alikuwa na hasira za karibu.

"Mligawana shamba yangu nikiwa nimefungwa," ndiyo ilikuwa hotuba yake kwa kila aliyemuuliza. "Ati bibi wawili wanapanda maua, sasa hiyo ni mpaka?"

Njooni sasa muone maisha yangu. Lori la maziwa lilikuwa likipita barabarani alfajiri. Zamani nilikuwa nafika na mkebe wangu hata kabla dereva hajamaliza kupiga honi. Sasa ilinibidi nishuke mtoni, nivuke gogo lenye utelezi, nipande kilima cha ng'ambo, kisha nizunguke na barabara hadi penye lori. Nikifika, lori limeondoka zamani. Maziwa yalikuwa ndiyo chakula chetu, ndiyo shule ya Ngatia na wadogo zake, ndiyo chumvi na mafuta ya taa. Tuliyanywa mpaka tukayachukia. Nilimnywesha ndama, nikagandisha, nikamwaga. Wageni wakaacha kuja. Nilijiona kama kuku aliyefunikwa kwa tenga: jua analiona, lakini hatoki.

Mume wangu, Theuri, alikuwa Nanyuki akimfanyia kazi Abdille, tajiri wa mifugo, kuswaga ng'ombe kutoka Doldol. Alikuwa akirudi mwisho wa mwezi. Nilimsimulia yote huku nimesimama, maana nikiwa na hasira siwezi kukaa.

"Wacha maneno, Watiri," akasema. "Huyo Kihara si mtu wa kuchezea. Tutahamia Nanyuki."

"Na hii ng'ombe na shamba utaweka mfukoni?"

Akaanza kufungua kamba za viatu. Theuri ni mtu mwema, lakini wema wake ni ule wa kuinama. Kesho yake nilimburuta mpaka kwa mzee Nderitu, mkubwa wa wazee wa mashamba, kwa sababu peke yangu, mwanamke, nisingesikilizwa. Nderitu alitutazama kwa macho yake ya usingizi.

"Matoka iko wapi?" akauliza.

"Kihara ameng'oa," nikajibu kabla Theuri hajafungua mdomo.

"Na nani aliona ikipandwa, ambaye bado ako hai?"

Alikuwa mtu mmoja tu, maana mama mkwe wangu na wazee wa siku ile walikuwa wamekwisha kufa, na mtu huyo ni mama wa mshtakiwa. Nderitu akatikisa kichwa, lakini akasema watakuja Alhamisi ya wiki ya pili, pale pale njiani, wasikilize.

Nilimwendea Cucu Kagure jioni ile ile. Tulizungumza yeye akiwa ng'ambo ya waya, amejifunika blanketi, mimi upande wangu nimeshika nguzo. Baridi ya Julai ilikuwa imeshuka kutoka mlimani na kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi.

"Nitasema, mwanangu," akaniambia. "Nilipanda na hii mikono."

"Na Baba Ndungu akikasirika?"

"Mimi nilimzaa. Si yeye alinizaa."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu seng'enge iwekwe. Nililala nikihesabu siku, nikijiona nimesharudi barabarani na mkebe wangu kichwani. Jumapili kabla ya ile Alhamisi, Cucu Kagure akafariki. Kile kifua. Nililia sana. Nililia kwa ajili yake, maana alikuwa ameniita mwanangu, na nililia kwa ajili yangu pia. Sitajifanya mtakatifu.

Jumatatu nikasikia majembe. Nilitoka nyuma ya nyumba nikaangalia juu. Kihara alikuwa ameikunja seng'enge ili waombolezaji wapite, na pale pale ilipokuwa, katikati ya njia yetu, kwa upana wake wote, walikuwa wanachimba kaburi.

Niliielewa hila yake mara moja. Kaburi halihamishwi. Hakuna mzee wa Tetu atakayesema mkokoteni upite juu ya mama wa mtu. Shahidi wangu wa pekee alikuwa analazwa mlangoni mwangu awe ukuta. Na hapo hapo nilijua jambo jingine: kuni na maji ya mazishi hupelekwa na majirani. Jirani asiyefika matanga huulizwa alikuwa anamtakia nini marehemu. Kwa hiyo nilifunga mzigo wa kuni mgongoni, nikashuka mtoni, nikavuka gogo, nikapanda ng'ambo, nikazunguka na barabara, nikaenda kusaidia kupika chakula cha watu wanaonifungia njia. Niliupuliza ule moto mpaka machozi yakanitoka, na watu wakasema Watiri anamlilia Cucu.

Mchana wa Jumanne tukazika. Theuri hakuwepo, alikuwa njiani na ng'ombe. Mhubiri aliomba, jeneza likashushwa, kisha watu wakaanza kupita mmoja mmoja kutupa udongo. Mstari ulikuwa unasogea na mimi nasogea nao. Nikitupa, nimekubali kaburi lile mahali lilipo. Nisipotupa, nimemkataa Cucu Kagure mbele ya kijiji kizima. Mzee Nderitu alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, macho yake ya usingizi yamenikazia. Kihara naye alinitazama. Alikuwa amelia kweli, uso umevimba, na hilo liliniudhi zaidi kwa sababu nilitaka awe mnafiki.

Hapo nikaguswa kiunoni. Alikuwa ni Murugi, mke wa Kihara, mwanamke wa maneno machache. Akanipa kiondo kizito kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Cucu alisema upewe wewe," akanong'ona. "Aliyatoa korongoni. Alikuwa anaweka chini ya kitanda."

Nilifunua. Yalikuwa matoka. Viazi vikavu, vyenye magamba, vingine vimeanza kuchipua gizani. Cucu alikuwa ameshuka kwenye yale mawe na kifua kile kibovu kuyaokota. Nikaona la kufanya waziwazi.

Nilitupa udongo, konzi iliyojaa. "Lala salama, cucu," nikasema, na nilimaanisha. Kaburi lilipofukiwa na wanawake wakaanza kupanda maua, kama ilivyo desturi, nikapiga magoti pamoja nao. Wao walipanda juu ya kaburi. Mimi nilikwenda upande wa shambani kwa Kihara, pale mpaka ulipokuwa zamani, nikachimba kwa mikono na kupanda matoka kwa mstari, moja baada ya jingine, yakapita kandokando ya kaburi na kuendelea chini. Kila mtu mzima pale alijua ninachofanya. Kaburi lilibaki ndani ya mstari, upande wetu.

Kihara alipiga hatua moja mbele. "Wewe, bibi ya Theuri! Nini hiyo unapanda?"

"Maua ya mama yako," nikamjibu. "Si yeye ameniachia? Kama unaweza, ng'oa."

Alisimama pale akiyatazama matoka. Kung'oa itoka kandokando ya kaburi la mama yake, mbele ya watu waliotoka kumzika? Hata Kihara asingethubutu. Alinaswa. Alikuwa amemzika mama yake katika ardhi ya watu wengine, na kijiji kizima kilikuwa shahidi. Nilisimama nikapangusa magoti, na nilifurahi. Niliimba njia nzima kurudi, hata kwenye gogo.

Alhamisi wazee walikuja. Theuri alikuwa amefika, amevaa koti. Nderitu alitembea polepole kando ya matoka, akainama, akayagusa, akarudi.

"Mpaka tumeiona," akasema. "Ni ile ya zamani. Kihara, uko na neno?"

"Sina," Kihara akajibu. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Njia ni yao. Mama yangu ako kwao."

"Basi imekwisha. Hii njia ni ya Theuri."

Theuri akanitazama kwa fahari, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nikauliza, "Sasa mzee, tutapitia wapi? Kaburi imefunga."

Nderitu akavaa kofia yake taratibu. "Mama Ngatia, mimi nilikuwa nakuangalia siku ile. Sisi wazee tulikuwa tumeongea. Kama ungeacha hiyo kaburi ikae kwa Kihara, tungesema amekula njia yenu na tungemwambia akate ingine, pale juu kando ya boma ya ng'ombe. Hangekataa, ako na deni ya njia. Lakini sasa hajakula kitu. Njia yenu mko nayo yote. Nitamwambia alipe nini?"

"Lakini amezika mtu ndani yake!"

"Na wewe ukatupa udongo, ukapanda na maua. Hakuna mtu alizika kwa nguvu." Akatazama chini. "Na kaburi hatuhamishi. Hiyo unajua."

Najua. Theuri akaanza tena habari ya Nanyuki.

Kihara hakurudisha seng'enge. Haihitajiki. Kwenye mvua matoka yalichanua, meupe, mazuri mno, na yanashika ukingo wote wa njia ambayo hakuna anayeipita. Jumamosi asubuhi Kihara huja kupalilia kaburi la mama yake. Hufika kwenye mstari, akasimama, jembe begani, akaita kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kuamriwa kizuizini.

"Mama Ngatia! Naweza kuingia?"

Mimi hukaa kimya ndani kidogo, nimshike pale. Kisha nasema, "Ingia, Baba Ndungu." Tunapalilia pamoja, yeye kichwani mwa kaburi, mimi miguuni, hatusemezani. Akimaliza anaruka matoka, anapanda hatua chache, na yuko barabarani. Mimi nachukua mkebe wangu, nashuka mtoni.